Tovuti yangu inapendeza, mbona wateja bado wananipigia simu kuuliza bei?

SWALI: Nina duka la sare za shule Biashara Street, hapa Nairobi. Mwaka jana nilimlipa kijana mmoja akanitengenezea tovuti. Kila anayeiona anaisifu: rangi zimekaa vizuri na picha zinajibadilisha zenyewe. Lakini wateja wanaingia na kutoka, halafu wananipigia kuuliza bei na kuuliza niko wapi hasa. Januari simu ililia mpaka nikaizima. Sasa kijana anasema tuongeze roboti ya kujibu maswali, na anataka pesa nyingine. Tovuti ina kosa gani? Nikubali roboti? – Mama Sare

JIBU: Mama Sare, salamu. Tovuti yako niliifungua mara mbili. Mara ya kwanza ofisini, kwenye skrini kubwa na intaneti ya waya, nikaelewa kwa nini watu wanakusifu. Mara ya pili niliifungua ndani ya matatu nikitoka Kawangware, kwa simu ndogo niliyoiweka kwa kazi hiyo tu: kioo kimepasuka pembeni na nafasi imejaa. Nilibonyeza tukipita Yaya. Picha ya kwanza ilimaliza kufunguka tukiteremka Valley Road. Ilikuwa picha ya watoto wa Kizungu wakicheka, wamevaa tai ambazo wewe huuzi.

Chini ya picha kulikuwa na maneno ya kukaribisha, kisha maono ya duka, kisha dhamira ya duka, kisha picha tena. Kwenye menyu nikaona Mwanzo, Kuhusu Sisi, Huduma Zetu, Matunzio, Mawasiliano. Nikabonyeza Huduma Zetu nikitafuta sweta. Nikakuta aya tatu zinazosema mnauza sare bora kwa bei nafuu. Nafuu ni ngapi? Hapo ndipo mimi pia ningekupigia simu.

Kwa hiyo tovuti yako haina kosa la urembo. Imejengwa kumtangazia mgeni kwamba duka lipo, na mzazi anayeifungua anajua tayari kwamba lipo. Ndiyo maana ameifungua. Amekuja na swali, tena lile lile alilokuwa nalo jirani yake jana. Simu zinazokuchosha ndizo ramani ya tovuti uliyostahili kujengewa.

Ukitaka kuirekebisha, usianzie kwenye kompyuta. Nunua daftari, liweke kando ya simu kwa wiki moja, na kila anayepiga, andika swali lake kwa maneno yake mwenyewe. Usiandike tu "aliuliza bei". Andika "sweta ya shule fulani, mtoto yuko Gredi ya 4, ni pesa ngapi?" Msichana wa kaunta naye aandike. Wiki ikiisha, hesabu: swali gani limerudi mara nyingi zaidi? Hilo ndilo linalokaa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, mahali ambapo sasa kuna watoto wanaocheka. La pili linafuata chini yake. Maono na dhamira hakuna atakayeyauliza, nakuhakikishia, kwa hiyo yatajiondoa yenyewe.

Sasa angalia jinsi watu wanavyouliza. Kijana wako alipanga bidhaa kwa aina: kaptula, sketi, sweta, soksi, tai. Ndivyo zinavyokaa kwenye rafu zako, na nadhani alikuja dukani akanakili rafu. Lakini mzazi haji akisema "nataka kitengo cha sweta." Anakuja na jina la shule. Kichwani mwake mna fungu moja tu: vitu vya shule ya mwanangu. Kwa mpangilio wa sasa, mwenye mtoto mmoja analazimika kuingia milango mitano, na kila mlango atafute upya sweta yake ni ya kijani ipi kati ya kijani nne.

Kama huniamini, kuna zoezi la zamani katika kazi yetu ambalo halihitaji umeme. Kata manila vipande vya ukubwa wa karata ya kuchezea. Kila kipande andika kitu kimoja unachouza pamoja na shule yake. Mpe mama aliyesimama kaunta akisubiri chenji, mwambie azipange kwa mafungu yanayomwingia akilini, kisha kila fungu alipe jina. Usimsaidie. Fanya hivyo na kina mama saba au wanane, na akina baba wawili watatu, maana wao hupotea haraka zaidi. Majina watakayoyapa mafungu ndiyo maneno ya menyu yako. Mafundi wengi huyatafuta maneno hayo kwenye tovuti za wenzao, ndiyo sababu kila duka Nairobi lina "Huduma Zetu".

Ukiwa na shule nyingi, utahitaji kisanduku cha kutafutia, na hapa niseme kwa kirefu kidogo kwa sababu niliwahi kuungua. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea tovuti mfanyabiashara wa vipuri wa Kirinyaga Road. Kazi ilikuwa safi, orodha imenyooka, kila kipuri na namba yake. Baada ya mwezi tukafungua kumbukumbu za kisanduku cha kutafutia tuone watu wanaandika nini. Walikuwa wakiandika "shoki", "plagi", "bushi", na tovuti ikiwajibu kwamba hakuna kitu kama hicho, kwa kuwa orodha yetu ilikuwa kwa Kiingereza cha kiwandani. Duka limejaa plagi hadi dari, na tovuti inamwambia mteja hakuna. Kosa lilikuwa langu, wala sikulipwa kulirekebisha.

Kwako itakuwa majina ya shule. Mmoja ataandika St., mwingine Saint, mwingine Mtakatifu. Shule nyingi zilizokuwa Primary sasa kibao cha getini kinasema Comprehensive, lakini mzazi aliyesomea hapo ataandika Primary mpaka azeeke. Kisanduku lazima kikubali yote hayo, na kikubali herufi iliyopotea. Kikishindwa kabisa, kisiseme "hakuna" na kunyamaza. Kiseme: "Hatujaiona shule hiyo. Tuandikie jina lake WhatsApp tukutafutie," na kitufe kiwe papo hapo. Halafu mwombe kijana akuwekee orodha ya yale yaliyotafutwa yakakosekana. Hiyo itakwambia sare za shule gani uanze kushona kabla ya Januari.

Kuhusu bei najua utaniambia nini, kila mwenye duka huniambia: washindani wataziona. Mama, mshindani wako yuko milango mitatu kutoka kwako, na akitaka bei yako humtuma binamu yake aje kuuliza. Anayefichwa ni mzazi wa Kitengela anayehesabu kama pesa zitatosha kabla hajapanda gari. Weka bei. Kama inabadilika kwa saizi, weka bei ya kila saizi, si "kuanzia". Na saizi zenyewe uzieleze, kwa maana namba 28 humwambia kitu fundi cherehani, haimwambii kitu mzazi. Mchoro mdogo wa mtoto na utepe umezungushwa kifuani, inchi kando ya namba, na sentensi moja ya yale unayowaambia watu kaunta kila siku, "mtoto anakua, ongeza namba moja," itakupunguzia wanaokuja kubadilisha.

Ukishapanga upya, jaribu kabla ya kujivunia. Jakob Nielsen, Mdenmark ambaye amefanya sehemu kubwa ya kazi yake Marekani na ambaye mafundi wa tovuti wa kizazi changu wamemsoma sana, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya ukurasa. Akaongeza kwamba ni heri ujaribu na watano, urekebishe, ujaribu na watano wengine, kuliko kukusanya 15 kwa mpigo. Wapo waliompinga kuhusu hiyo asilimia, nao wana hoja: hesabu inategemea kazi unayowapa na jinsi watu wenyewe wanavyotofautiana. Lakini kwa duka kama lako ubishi huo hauna uzito. Kati ya kutojaribu kabisa na kujaribu na watano kuna umbali wa Nairobi hadi Mombasa.

Watano unao dukani kila asubuhi. Mwambie mama mmoja: "Nisaidie dakika tano, soda iko juu yangu. Fungua tovuti kwa simu yako, utafute sweta ya mwanao namba 28, uniambie bei." Simu iwe yake, bando uligharamie wewe. Kisha unyamaze, na hapo ndipo pagumu. Utamwona anapita kitufe anachokitafuta, na mkono utakuwasha umwonyeshe. Usimwonyeshe, maana usiku akiwa kwake mtaani Umoja hutakuwepo. Akikuuliza "nibonyeze hapa?" mrudishie swali: "wewe ungefanyaje?" Tena mweleze mapema kwamba anayejaribiwa ni tovuti, si yeye, kwa kuwa watu wetu wana heshima na wataomba msamaha kwa makosa ya fundi.

Kwa yule wa vipuri niliona mzee akibonyeza picha ya kipuri mara sita. Kitufe kilikuwa chini ya picha, cha kijivu, naye alidhani ni maandishi tu. Kila mtu aliyemfuata alibonyeza picha vilevile. Kuifanya picha ibonyezeke kulituchukua robo saa. Miezi yote ile ya nyuma sijui ni wangapi walibonyeza picha wakaondoka.

Sasa uzito, ambao ndio ulionichelewesha Valley Road. Nilipima picha zako tano zinazojibadilisha: kila moja ni karibu megabaiti 3. Jumla 15, yaani megabiti 120, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Mtandao ukinipa megabiti 2 kwa sekunde, na ndani ya matatu hiyo ni bahati, ni dakika nzima ya kusubiri. Mwenye bando la megabaiti 50 umemla karibu theluthi kabla hajaona kaptula moja. Kipimo ambacho Google hukitumia kwa ukurasa mzuri ni kitu kikuu kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Ikifika sekunde 10, mtu akili yake imeshahamia kwingine, na hilo limejulikana tangu kompyuta za miaka ya sitini.

Dawa yake si ghali. Picha zinazojibadilisha ziondoke zote. Sijawahi kumwona mteja akisubiri picha ya nne. Mahali pake weka picha moja ya duka lako halisi. Picha za sare zipunguzwe hadi upana wa pikseli 800 hivi, zihifadhiwe kwa WebP, muundo wa faili unaobana picha, na nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 100. Kijana aandike upana na urefu wa kila picha ndani ya msimbo, ili ukurasa usiruke picha inapofika. Unajua ule mchezo: kidole kinashuka kwenye "Agiza", ukurasa unaruka, unajikuta umebonyeza kitu kingine. Hapo mtu hujilaumu kwamba hajui simu. Na muulize kama menyu inafanya kazi kwenye Opera Mini, kivinjari ambacho watu wengi hukipendea kubana data. Kikiwa kwenye hali yake ya kubana kabisa, ukurasa hupitia kwanza kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za Opera, na madoido mengi ya JavaScript, ule msimbo unaofanya vitu vijisogeze kwenye ukurasa, hayafiki salama. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ule ambao Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, aliuweka kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ulikuwa maandishi na viungo peke yake. CERN wameurudisha hewani, na kwenye simu yangu iliyopasuka unafunguka kabla sijapepesa. Sisemi urudi huko. Nasema kila ulichoongeza juu ya hapo, mteja anakilipia.

Fomu ya kuagiza nimeijaribu pia. Niliandika namba yangu ya simu nikaacha nafasi katikati, kama tunavyozitamka, ikanikatalia kwa maandishi mekundu ya Kiingereza yasiyosema nimekosea wapi. Namba ya Mkenya inaweza kuanza na 07, 01, 254 au +254, na kompyuta ina akili ya kutosha kuzipanga yenyewe. Mteja asifanyishwe kazi ya mashine. Ukibonyeza kisanduku cha namba, simu ifungue kibodi ya tarakimu, si ya herufi. Na hicho kipengele cha kumlazimisha mtu afungue akaunti na kutunga nenosiri ndipo anunue soksi, kifute leo. Kifute pia kisanduku cha jina la mtoto na darasa lake. Huhitaji kujua, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kukusanya habari za mtoto bila sababu ni kujitafutia mzigo.

Malipo ya M-Pesa yapo, vizuri. Lakini baada ya kubonyeza "Lipa" skrini yako inabaki vilevile. Lile dirisha la kuomba PIN linaweza kuchelewa, na mtu akiona kimya hubonyeza tena, na tena. Ukurasa useme mara moja: "Tumekutumia ombi kwenye simu yako. Weka PIN," na kitufe kisibonyezeke mara ya pili. Na kwa kuwa siku nyingine dirisha halitokei kabisa, chini yake pawe na namba ya Till na kiasi kamili, ili mtu alipe kwa njia aliyoizoea bila kuanza upya.

Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yanapendeza ofisini. Simama nje ya jengo la Archives, katikati ya jiji, saa saba mchana ujaribu kuyasoma. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote unataka utofauti wa maandishi na mandhari usipungue 4.5 kwa 1, na kuna vipimo vya bure vya kuupima. Wako ni 2.6. Mwongozo huo uliandikwa ukiwafikiria hasa watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye uoni hafifu, lakini jua la Nairobi linatutia sote kwenye kundi hilo.

Lugha? Watu wako wanachanganya, na tovuti ichanganye kama kaunta inavyochanganya: sweta, tai, kaptula, PE kit. Kwenye vitufe tumia kitenzi kinachosema kitakachotokea. "Agiza kwa WhatsApp" nitakibonyeza; "Wasilisha" sijui nawasilisha nini kwa nani.

Mahali ulipo, usitegemee kipini cha ramani tu. Kipini kinamfikisha mtu kwenye jengo, na wewe uko ndani ya eksibishoni yenye vibanda 60. Piga picha tatu kwa simu yako: mlango wa jengo ukiwa ng'ambo ya barabara, ngazi, na kibanda chako chenyewe. Andika ghorofa, namba ya kibanda, na kile mnachowaambia watu kwenye simu, "ukifika kwa fundi wa saa pinda kushoto." Hizo ndizo anwani zetu.

Jambo moja ambalo hukuuliza: jina la tovuti, hilo lenye .co.ke, limesajiliwa kwa jina la nani? Nimelitazama, na mwenye nalo si wewe. Muombe kijana alihamishie kwako na akupe nenosiri la seva, sasa hivi mkiwa bado mnaelewana. Simshuku. Ila vijana huhamia Dubai.

Nimerudi kwenye roboti. Roboti hujibu kwa kilichoandikwa kwenye tovuti, na kwenye tovuti yako bei haijaandikwa. Mzazi atauliza sweta ya shule fulani ni ngapi, naye atajibiwa kwa adabu kwamba mnauza sare bora kwa bei nafuu. Kisha atakupigia simu, safari hii akiwa amekasirika. Kwa hiyo usilipe. Pesa hizo mpe kijana yule yule, maana mkono wake ni mzuri, lakini kwa kazi nyingine: ukurasa mmoja kwa kila shule, kwa zile shule tano zinazojaza daftari lako, kila ukurasa na vitu vyote vya shule hiyo, saizi, bei na kitufe cha WhatsApp. Tano tu kwanza. Zikiwa tayari niambie, nitazifungulia ndani ya matatu ile ile, na nitaanza kuhesabu sekunde pale pale Yaya.